Mzee Léonce na Uvungu wa Gari

Gari liliingia uani kichwa juu, makalio chini, likiburuza tumbo lake kwenye changarawe kama mbwa aliyechapwa mgongoni. Mzee Léonce Vidalenc alikuwa kwenye benchi lake kando ya mlango wa jikoni, akimenya viazi vya mchana, na kisu kikamsimama mkononi. Dereva hakumjua. Gari alilijua, kama mtu anavyomjua binti wa rafiki wa zamani hata akimkuta ugenini: DS ya mgongo mrefu, rangi ya maziwa, jamii ya yale magari yasiyo na springi hata moja, yanayobebwa na mafuta na hewa, yanayolala yakizimwa na kuinuka yakiwashwa.

"Usizime!" alipaza sauti kabla hata hajasimama. "Liache lingurume hivyo hivyo!"

Aliyeteremka alikuwa kijana mrefu, mwembamba, amevaa koti jeupe la mpishi, na nyusi zake zilijaa unga, kana kwamba uzee umemwanzia hapo.

"Habari za mchana, mzee. Samahani kwa kuwavamia. Naitwa Théophane Roucaute, nina duka la keki kule Saint-Flour. Pale mkahawani wameniambia huku kuna mtu anayeyajua haya magari."

"Nani kakuambia?"

"Mzee mmoja wa bereti, anacheza karata. Amesema, nenda kwa Vidalenc, ila usimwache peke yake na nyundo."

"Baptistin huyo." Léonce alijifuta mikono kwenye suruali. "Kafanya ufundi maisha yake yote na mpaka leo hajui gari linapumulia wapi. Haya, sema shida yako."

Théophane alizunguka nyuma akafungua mlango, na Léonce akabaki mdomo wazi. Mle ndani, katikati ya kreti za mvinyo na bamba zito la marumaru, ulisimama mnara wa harusi: vimandazi vidogo vya mviringo, kila kimoja na krimu tumboni, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kugandishwa kwa karameli mpaka mnara ukafikia kimo cha mtoto anayeanza shule. Nyuzi za sukari zimeuzunguka kama utando wa buibui ulioshika jua.

"Harusi iko Montgrelet," kijana alisema. "Mnara uwe mezani kabla bibi harusi hajaingia ukumbini, saa kumi. Lakini tangu nitoke mjini kila shimo nalisikia kwenye meno. Vya chini vimeanza kupasuka, mzee. Na barabara mbaya yenyewe bado sijaifikia."

"Naijua. Ng'ombe wenyewe wanaitukana. Kwa nini usihamishie kwenye gari lingine? Baptistin ana kipikapu."

"Chenye springi za chuma? Hautafika hata kanisani." Théophane aliupapasa mlango. "Tena hili gari lilikuwa la marehemu Honorat, bwana aliyenifundisha kazi. Keki za harusi za milima hii yote zimepanda humu. Anayeolewa leo ni binti yake. Siku tunamzika baba yake nilimwambia, Clémence, keki yako italetwa na gari la mzee. Nilisema hivyo hivyo, mdomo tu ulitangulia. Lakini nilisema."

Bila kujua, Léonce alikuwa ameshaanza kukunja magoti, shingo imeinama upande, macho yanatafuta giza la uvunguni.

"Léonce."

Marinette, mkewe, alikuwa mlangoni, mfupi, wa mviringo, mwiko wa mti mkononi.

"Natazama tu, mama."

"Siku hizi unatazama kwa magoti?"

Akanyooka. Masikio yalimwiva kama ya mtoto aliyekutwa kabatini.

Haya mambo yalikuwa na asili yake. Majira ya baridi ya mwaka juzi, Léonce alilala chini ya gari la aina hiyo hiyo, lililoinuliwa kwa jeki moja aliyoiamini mno, akalegeza paipu. Presha ikatoka. Gari likashuka polepole, bila kelele, kama kuku anavyokalia mayai, likamlalia kifuani. Marinette alikuja kumwita aje ale, akaona viatu viwili tu vimechomoza. Hospitalini, mbavu zimefungwa, mzee alingoja machozi au matusi. Hakupata hata kimoja. Mkewe alikaa kitini, mkoba mapajani, akasema, "Sitaki kuitwa tena uani kuja kutazama viatu vyako. Hutaingia tena uvunguni. Hata kichwa, Léonce. Hata mkono." Naye akaahidi. Aliporudi nyumbani alikuta shimo alilozoea kusimama akitengeneza magari kwa chini limejazwa udongo na kupandwa kabichi.

Tangu hapo ahadi ilikuwa rahisi, kama mtu kuacha mvinyo kwenye nyumba isiyo na chupa. Hakuna aliyeleta gari. Leo limekuja lenyewe.

Marinette alimkaribia mgeni. "Wewe kijana, una jina?"

"Théophane, mama."

"Basi Théophane, nisikilize. Huyu bwana anajua kila kitu cha gari lako, na atakwambia. Lakini chini ya gari haingii. Akiingia, mimi huo mnara nawapa kuku, na harusi watakula mkate. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Na wewe, mzee wangu?"

"Tumeelewana," Léonce alisema, naye hakuwa anatania.

Alianza na sikio. Aliinamia boneti, akafumba macho. Kutoka ndani ilitoka sauti kavu, *tak*. Kisha injini ikanguruma peke yake kwa muda mrefu. Kisha *tak* nyingine.

"Umesikia? Hapo ndipo linapojaza presha na kupumzika. Lingekuwa linagonga kila ukivuta pumzi, ningejua linavuja, ningekwambia uende zako ukatembee kwa miguu. Lakini linapumua kama mtu mzima aliyelala. Moyo ni mzima." Akatazama tangi la mafuta, yalikuwa ya kijani, safi, kwenye alama yake. "Na damu ipo. Sasa ingia. Karibu na mguu wako kuna mkono mdogo wa chuma. Upandishe mpaka juu kabisa."

Pua ya gari ikapanda, ikapanda, mpaka taa zikawa zinatazama mapaa. Makalio hayakutikisika.

"Hee! Ng'ombe anaamka kwa makalio, farasi anaamka kwa mbele. Wewe umeniletea farasi aliyeamka nusu. Rudisha kati. Sasa tushushe hizo kreti."

Walishusha mvinyo, wakashusha na bamba la marumaru kwa kuhema, na sehemu ya nyuma ikapanda kidogo. Léonce akamwambia kijana akalie bampa, polepole, asiuamshe mnara. Gari likadidimia chini yake na kubaki hapo. Aliposimama, likarudi lilipokuwa.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee. Limeshuka, limepanda."

"Limefanya kama godoro. Godoro ndilo linalofanya hivyo. Hili gari likiwa na akili zake, ukilikalia linangoja kidogo, linajiuliza, nani huyu? Halafu linavuta mafuta, *sss*, linajiinua na wewe juu yake. Hili lako halijui kwamba umelikalia." Alikaa kwenye kigoda cha kukamulia, akashika magoti. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. "Mipira yake ya hewa mizima, ndiyo maana linanesa. Presha ipo, ndiyo maana pua imepanda. Ila kule nyuma kuna kifimbo chembamba cha chuma. Kazi yake ni umbea tu. Ekseli ikishuka, kifimbo kinakwenda kumwambia bomba la mafuta: tumelemewa, fungua. Ekseli ikipanda: inatosha, funga. Sasa huyo mmbea amenyamaza. Tangu lini likawa hivi?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita kulitokea nini?"

"Hakuna." Théophane alisema haraka mno, akageukia mnara wake.

Léonce alilitia akilini, asilifuatilie. Walirudisha gari kinyumenyume juu ya mbao mbili za mteremko, wakazima injini, wakayazuia magurudumu kwa mawe. Kisha mzee akaleta magogo ya mwaloni, akamwonyesha kijana pa kuyatega chini ya fremu, na kila gogo akalipiga teke kwa kisigino, mara mbili mbili, uso umekunjamana. Hapo hakuwa na mzaha hata kidogo. "Ukiona gogo limecheza, toka. Usilitazame, usiliulize. Toka."

Théophane akalala chali kwenye gunia, akapotea mpaka kiunoni. Léonce alikiweka kigoda karibu na miguu yake, halafu akakigeuza, akalipa gari mgongo. Kulitazama kulikuwa kunamvuta.

"Unaona nini?"

"Vyuma."

"Vyuma gani?"

"Vyote, mzee."

"Mungu wangu. Tafuta fimbo nene iliyokatiza kutoka gurudumu hadi gurudumu."

"Nene kama mti wa kusukumia unga?"

"Ndiyo huo. Ufuate mpaka katikati. Utakuta umefungwa kibanio, na kwenye kibanio kimetoka kifimbo."

"Chembamba kama waya wa kupigia mayai. Nimekipata."

"Safi! Kishike ukitikise, taratibu. Kinacheza?"

"Hakichezi hata kidogo. Kimeshikwa kwenye maungio."

"Kutu," Léonce alisema, kwa uhakika wa mtu anayetaja jina lake mwenyewe. "Nyunyiza mafuta kutoka kwenye hicho kikopo."

"Fundi wa mjini alishanyunyiza juzi."

"Ikawaje?"

"Ikawa hivi unavyoniona."

"Basi chukua ile nyundo ndogo. Ndogo, Théophane. Gonga ubavuni, kama unabisha hodi kwa mgonjwa."

Nyundo iligonga. Ikagonga tena, kwa nguvu zaidi, na Léonce akauma mdomo maana kila pigo alilisikia limepotoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa unagonga hewa. Marinette alitoka na sahani ya viazi vilivyokaangwa na jibini mbichi, vikivutika nyuzi, akapiga magoti akamlisha kijana kwa uma huko huko chini, maana mikono yake ilikuwa haitamaniki.

"Fungua mdomo. Mtu haondoki kwangu na njaa, hata akiwa nusu."

"Asante, mama. Vitamu."

"Vimeungua kidogo chini. Ndipo penye utamu." Akamtupia mumewe jicho, akamwona amelipa gari mgongo, na akarudi jikoni.

Nyundo ikanyamaza.

"Mzee? Kutu huwa inang'aa?"

"Haing'ai."

"Hii inang'aa. Nyeusi, ina vumbi juu, lakini inang'aa. Na nilipogonga imemeguka kama kioo." Kisha sauti ndogo, ya ulimi.

"Umefanya nini?"

"Nimelamba."

"Umelamba gari!"

"Ni sukari, mzee. Ina ganda la limau ndani yake. Na maji ya maua ya mchungwa." Sauti ikapungua mpaka ikawa kama ya mtoto kwa padri. "Ni sharubati yangu."

Basi yote yakatoka. Wiki iliyopita alikuwa anapeleka keki za kuchovya katika sharubati, kwa sherehe ya komunyo ya kwanza, na ndoo nzima ya sharubati ikapinduka kwenye kona. Alifuta zulia, akakausha, akatia zulia jipya. Kwamba chini ya zulia kuna tundu la kutolea maji, na kwamba chini ya tundu hukaa kifimbo, hakujua. Sharubati ikadondoka, vumbi la njia likajichanganya nayo, joto la injini na la ekzosi likaipika siku nzima.

"Nilikuuliza! Ukasema hakuna!"

"Niliona aibu. Bwana Honorat hakuwahi kumwaga hata kijiko."

Léonce alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, zile zile, na kigoda kikasukasuka. "Nimeshatoa kiota cha panya kwenye hizi gari. Nimetoa nyigu. Nimetoa soksi ya padri, usiniulize. Lakini gari lililofungwa kwa peremende!" Kisha kicheko kikamwisha polepole, maana aliona jambo. Angekuwa yeye mle chini, angeona kutu, kwa sababu miaka yote amekuwa akiona kutu. Angegonga mpaka kifimbo kivunjike, na kifimbo kama hicho leo hii hakipatikani mlimani kote. "Haya, mwenye sukari ni wewe. Inatolewa na nini?"

"Maji ya moto. Yanayochemka. Hakuna kingine."

"Marinette! Birika!"

Birika la kwanza liliteremka kahawia, la pili rangi ya chai, na uani pakanukia kama asubuhi ya sikukuu. Nyigu wakaja kujionea. Birika moja baada ya jingine, hatimaye Théophane akapiga kelele ya furaha kule chini: kifimbo kimecheza.

Marinette alivua aproni, akachukua ndoo yake ya maua. Jumamosi mchana ilikuwa zamu yake ya kupamba kanisa dogo la njia ya juu. Alisimama mbele ya mumewe, akamtengeneza ukosi wa shati ambao haukuwa na kasoro.

"Nikirudi nataka nikukute umesimama."

"Utanikuta."

Alipokata kona, waliondoa magogo, wakaliteremsha gari kwenye changarawe, wakapakia mvinyo na marumaru, wakawasha. *Tak.* Kisha, kutoka nyuma, ule mlio ambao Léonce alikuwa hajausikia uani kwake muda mrefu: *sssss*. Makalio yakaanza kupanda, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemsimamia mgeni. Théophane alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Linapanda! Mzee, linapanda!"

"Nyamaza, likisikia litaringa."

Nalo lilipanda, likapita pale pa kusimama, likaendelea kidogo, ndipo likatulia. Pua chini, mkia juu, kama kuku anayekunywa maji.

Léonce alikwenda jikoni akarudi na glasi ndogo na chupa ya pombe chungu ya mizizi ya jentiani. Hiyo ilikuwa desturi yake, na kijiji kizima kiliijua. Gari halikutoka uani kwa Vidalenc mpaka liinuliwe kwa mikono na kuachwa lishuke lenyewe, ligandamizwe na kuachwa lipande lenyewe, na mahali pa katikati ya vituo hivyo viwili papimwe kwa kijiti chake chenye alama. Kisha glasi iliyojaa pomoni iliwekwa juu ya paa. Pombe ikikaa sawa na ukingo pande zote, fundi aliinywa, na gari likaenda. Isipokaa sawa, hainyweki, na gari haliendi. Baptistin alizoea kusema Vidalenc hakuwahi kutengeneza gari akiwa amelewa, ila baada ya kulitengeneza tu.

Waliinua, wakaacha, wakapima. Wakagandamiza, wakaacha, wakapima. Glasi ikawekwa juu ya paa, na pombe ikamwagikia mbele.

"Kibanio kimesogea ulipokuwa unagonga," Léonce alisema. "Ni cha kulegeza na kukizungusha kwa upana wa unywele. Unywele tu."

Mbao, mawe, magogo, teke la kisigino, gunia. Théophane akakizungusha unywele. Gari liliposhushwa na kuwashwa, likakaa chini kama mwanzo. Wakarudia kazi yote. Safari hii makalio yakapanda kupita mara ya kwanza. Walipojaribu tena, walirudi pale pale pa kuku anayekunywa maji; wakalipandisha tena juu ya magogo, na kijana akachungulia mnara akabadilika rangi.

"Karameli inatoa jasho, mzee. Nikichelewa zaidi vitaanza kuteleza." Alitazama barabara, akatazama mikono yake. "Mimi unga naujua kwa kidole. Chuma bado hakijaniambia kitu. Wewe ingekuchukua muda gani?"

"Wa kupiga chafya."

"Basi..." Théophane aliona haya kabla hajalisema. "Mama hayupo. Magogo bado yamekaa. Mimi nitageuka nitazame kabichi."

Akageuka kweli, mikono nyuma, akatazama kabichi.

Léonce alipiga goti moja, kisha la pili. Changarawe ilikuwa ya joto. Akainama, na kwa mara ya kwanza tangu ile baridi akaona ndani: fimbo nene, kibanio, kifimbo kimeloa na kusafishika, kizuri kama kipya. Si mbali. Hata kichwa kisingehitajika kuingia chote. Mkono tu, mpaka begani, na spana, na ule unywele. Vidole vyake viliujua kama vinavyojua chumvi ya yai. Gari likae sawa, pombe ikae sawa, na lishuke mbele ya mkahawa likielea, Baptistin ameshikilia karata zake hewani.

Aliinamisha macho akaona viatu vyake vimechomoza nyuma yake, ncha zimechimba changarawe. Ni vile vile vya siku ile. Marinette alivipeleka kwa fundi viatu vikatiwa soli mpya, hakutaka kuvitupa na hakuwahi kusema kwa nini.

Hata mkono, alisema.

Kusimama kulimchukua muda mrefu kuliko kupiga magoti. Alishika bampa, akavuta pumzi, akajipangusa.

"Geuka. Kabichi zimechoka kutazamwa. Toa magogo, halafu leta taulo."

"Taulo?"

"Likunje, liweke chini ya sinia la mnara, upande wa mbele. Keki ikae sawa. Gari lisipokaa sawa, ni juu yangu."

"Lakini litatembea vizuri?"

"Litatembea laini kama siku lilipozaliwa. Utapita kwenye mashimo ya Montgrelet na yule buibui wako hatakatika uzi. Litaonekana vibaya, basi."

"Mimi sijali linavyoonekana, mzee."

"Wewe hujali, najua," Léonce alisema, na akamkumbatia, unga na mafuta na sharubati. "Nenda. Honorat, huko aliko, anakungoja asikie kama umemwaga tena."

Gari likatoka uani, mkia juu. Léonce aliichukua glasi, akaijaza tena pale ilipomwagika, akaiweka dirishani bila kuionja. Akakaa. Alihesabu moyoni linapopita: sasa kwenye daraja, sasa mbele ya mkahawa. Simu ya jikoni ikalia.

"Vidalenc!" Nyuma ya Baptistin palikuwa na kicheko cha meza nzima. "Nimeona kuku mweupe anapita hapa anatafuta punje. Nani kalitengeneza lile gari?"

"Mimi."

"Wewe? Limetoka kwako vile? Na glasi?"

"Glasi iko dirishani."

"Imenywewa?"

"Haijanywewa."

Kicheko kikafifia huko mkahawani. Baptistin alikohoa. Yeye ndiye aliyeendesha gari la wagonjwa kumpeleka Léonce hospitali, siku ya viatu. "Haya," alisema hatimaye, kwa sauti nyingine. "Haya, bwana. Kesho njoo ucheze karata." Akakata.

Marinette alirudi jua likiwa limehamia upande wa kabichi, ndoo tupu mkononi. Alimkuta mumewe amesimama katikati ya uani, wima kabisa, kama anayepigwa picha. Kabla hajasema neno, simu ikalia tena. Léonce hakusogea, alidhani ni mkahawani. Marinette akaingia akaipokea. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Vyote? Hata cha juu kabisa? Nitamwambia." Akatoka.

"Mnara umefika. Bibi harusi hakuutazama mnara kwanza, alikwenda nje kulikumbatia gari. Keki haikudondosha kitu njiani, ila kijana anasema taulo limeloa krimu ya vile vya chini vilivyopasuka."

"Vizuri," Léonce alisema. "Vizuri sana."

"Nililiona likipita kanisani," Marinette alisema. "Nilikuwa ngazini na maua. Nikaliona limeinua makalio namna ile, mbele ya watu wote."

Léonce alitazama chini. "Unywele tu, mama. Kilibaki unywele tu."

"Nimeliona," alisema tena. Alikwenda dirishani akaitwaa ile glasi kwa mikono miwili isimwagike, akamletea.

"Hii hainyweki. Halikukaa sawa."

"Kunywa, Léonce."

Akainywa.